Mama Mjamzito wa Monterchi

Kijiji kidogo Italia, ukuta mmoja wa chokaa, na mazungumzo ambayo wanandoa wengi wanaotarajia mtoto huyakwepa

Italia imejaa picha za Bikira Maria. Ingia kanisa lolote, ingia jumba lolote la makumbusho, utamkuta. Amekaa kwenye kiti cha enzi, amempakata mtoto, malaika wanampigia vinanda na dhahabu inameremeta kila upande. Baada ya siku tatu za Roma na Firenze (wengi wetu tunauita Florence) mtu unaweza kuchoka. Unaanza kuona zote zinafanana, unamgeukia mwenzako unamwambia, bora twende zetu tukatafute viatu.

Hebu subiri kidogo na hivyo viatu, mpenzi msomaji. Pandeni treni mpaka mji wa Arezzo, kisha mtafute usafiri wa barabara kama kilomita 30 kuelekea mashariki, mpite vilima na mashamba, mpaka kijiji kinachoitwa Monterchi. Huko yuko Maria mwingine kabisa. Huyu hajapakata mtoto. Hana kiti cha enzi. Amesimama wima, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo, na gauni lake la buluu limeachia mbele kwa sababu halimtoshi tena. Ni mjamzito, tena anaonekana ameshakaribia. Na hacheki.

Waitaliano wanamwita Madonna del Parto, kwa Kiswahili tungesema Mama Mtakatifu wa Kujifungua. Aliyemchora ni Piero della Francesca, mmoja wa mafundi wakubwa wa kipindi kile kinachoitwa Renaissance, neno ambalo lenyewe maana yake ni kuzaliwa upya.

Mtoto wa mwanamke wa Monterchi

Piero alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 15 katika mji wa Sansepolcro, mwendo mfupi tu kutoka Monterchi. Baba yake, Benedetto, alikuwa mtu wa viatu na biashara ya ngozi. Mama yake, Romana, alikuwa mwenyeji wa Monterchi. Kwa hiyo kijiji hiki kwake kilikuwa ujombani.

Alikua akawa mchoraji aliyeitwa na watawala wa miji mbalimbali, na zaidi ya hapo akawa mtaalamu wa hesabu. Aliandika vitabu kuhusu hesabu za biashara, maumbo, na jinsi ya kuchora vitu ili vya karibu vionekane karibu na vya mbali vionekane mbali. Ndiyo maana watu wake wanasimama kama nguzo, wametulia, kila kitu kimepimwa. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1492, siku ileile ambayo meli za Columbus ziliiona nchi kavu upande wa pili wa Atlantiki.

Sasa mtu kama huyu, mwenye wateja wakubwa, alifuata nini kwenye kanisa dogo la mashambani? Kanisa lenyewe ni Santa Maria di Momentana, nje kidogo ya kijiji. Wataalamu wengi wanaiweka picha hii kati ya mwaka 1455 na 1465. Mama yake Piero alifariki mwaka 1459, na wapo wanahistoria wanaounganisha mambo hayo mawili: mtoto wa kiume, fundi mwenye jina, anarudi kwao na mama yake kumchora mama wa watu wote.

Kazi ni ya freska. Yaani unapaka ukutani chokaa mbichi, kiasi unachoweza kukimaliza kwa siku moja, na unachora kabla haijakauka. Rangi inazama ndani ya ukuta na kuwa sehemu yake. Kesho unapaka kipande kingine. Mafundi waliochunguza maungio ya chokaa wamehesabu siku saba za kazi. Wiki moja tu, na picha ina zaidi ya miaka 550!

Soma picha kama barua

Watu wa zamani hawakuwa wanaangalia picha ya kanisani kama tunavyoangalia bango la barabarani. Waliisoma. Basi na sisi tuisome taratibu.

Anza na hema. Maria amesimama ndani ya hema la mviringo, lile la fahari waliloishi wafalme na majenerali wakiwa safarini. Nje limepambwa kwa makomamanga. Komamanga lina mbegu nyingi ndani ya ganda moja, kwa hiyo tangu kale ni tunda la uzazi. Kwa Wakristo wa wakati ule lilikuwa na maana ya pili: maji yake mekundu yaliwakumbusha damu ambayo mtoto huyu atakuja kuimwaga. Uzazi na kifo kwenye tunda moja.

Ndani ya hema kuna vipande vya manyoya vilivyopangwa safu kwa safu, mfano wa ngozi za kindi walizotumia matajiri kwa bitana ya nguo za baridi. Waliosoma Biblia wataikumbuka ile hema ya kitabu cha Kutoka, iliyofunikwa kwa ngozi na kuhifadhi Sanduku la Agano. Wataalamu wengi wanaona Piero anasema hivyo hivyo: sasa sanduku jipya ni mwili wa mwanamke. Lakini hata asiyejua habari za Kutoka anaelewa haraka. Hema linafunguka katikati. Gauni nalo linafunguka katikati, na ndani yake unaonekana weupe wa shimizi. Kitu ndani ya kitu, pazia nyuma ya pazia, na ndani kabisa kuna mtoto ambaye hakuna aliyemwona bado.

Waangalie malaika wawili wanaoshika pazia. Wanafanana kama pacha, na si bahati mbaya. Piero alitumia kielelezo kimoja cha karatasi, akachora malaika wa kwanza, kisha akaigeuza karatasi na kuchora wa pili. Halafu akacheza na rangi: wa kushoto kwako ana kanzu ya kijani na soksi nyekundu, wa kulia ana kanzu ya rangi ya zabibu na soksi za kijani. Wote wawili wanakutazama wewe usoni, kama watu wa jukwaani wanaofungua pazia na kusema, karibu, tazama.

Yeye Maria hakutazami. Macho ameyateremsha. Na hapa ndipo Piero alipofanya jambo la ujasiri. Wachoraji wa Toscana waliomtangulia walikuwa nao wamechora Maria mjamzito, lakini mara nyingi walimpa kitabu akiegeshe juu ya tumbo, kwa sababu Yesu huitwa Neno. Kitabu kilisaidia kustiri. Piero akakiondoa kitabu. Akabakiza mkono wa mwanamke kwenye mpasuo wa gauni lake, pale pale ambapo mkono wa mjamzito yeyote huenda wenyewe bila kufikiri. Na ule mkono wa kiunoni? Ulizia mama yeyote aliyebeba mimba ya miezi minane. Mgongo ule!

Hata buluu ya gauni ina habari yake. Ilitengenezwa kwa kusaga jiwe la lapis lazuli lililoletwa kutoka Afghanistan, na bei yake haikuwa ya mchezo. Kwa hiyo mwanamke huyu, aliyesimama kama jirani yako anayesubiri maji yachemke, amevaa rangi ya thamani kuliko zote zilizokuwa sokoni.

Kwa nini hacheki

Nilikwenda Monterchi na mume wangu, mimba yetu ya kwanza ikiwa na miezi mitano. Kwenye makumbusho ile wajawazito hawalipi kiingilio. Mama wa pale mlangoni alinitazama tumbo, akatabasamu, akanipungia mkono nipite. Mume wangu akalipa peke yake huku akinitania kwamba mwanangu ameanza kunipatia punguzo la bei kabla hajazaliwa.

Chumba chenyewe kina giza kidogo na picha iko peke yake. Ni kubwa, urefu wake mita mbili na nusu hivi. Tulikaa kimya. Baadaye yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini.

"Mbona anaonekana ana mawazo?"

"Kwani mimi sina?" nikamjibu.

"Mbona hujaniambia?"

"Wewe uliniuliza?"

Hatukugombana. Tulitoka nje tukakaa kwenye ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu kile kipimo kituonyeshe mistari miwili, tukaongea habari ya kuogopa. Si rangi ya chumba cha mtoto, si jina. Kuogopa. Nitajifungulia wapi, nani ataendesha gari ikiwa ni usiku wa manane, damu ikihitajika nani ana kundi kama langu, na yeye atafanya nini daktari akimwambia achague.

Mnaona ninakofika? Wakati wa Piero, mambo haya hayakuwa ya kunong'ona. Katika miji ya Toscana ya karne ya 15, wapo wanawake walioandika wosia wakiwa wajawazito, kwa sababu kujifungua kulikuwa ni kuvuka mto usiojua kina chake. Wale waliovuka salama walisherehekewa kwelikweli. Familia zenye uwezo zilimpa mama sinia la mbao lililochorwa, la kumletea chakula kitandani. Sinia la kuzaliwa kwa Lorenzo de' Medici mwaka 1449 bado lipo, liko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Yeye mwenyewe, pamoja na utajiri wake wote, alilitunza chumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 1492.

Tusidanganyane kwamba ni mambo ya kale. Shirika la Afya Duniani na wenzake wanakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walipoteza maisha kwa sababu za ujauzito na uzazi, na wengi wao wangeweza kuokolewa. Ndiyo maana uso wa Maria wa Monterchi unagusa. Ana furaha, lakini anajua. Picha nyingi za uzazi tunazoziona siku hizi kwenye majarida zina furaha peke yake, tumbo linang'aa, mume anabusu kitovu. Ni nzuri. Ila zinamwacha mama na nusu ya habari yake moyoni.

Kijiji kilichokataa

Sasa sikia historia ya picha yenyewe, maana nayo ilinusurika mara kadhaa.

Mwaka 1785 sehemu kubwa ya kanisa la Momentana ilibomolewa ili kupata nafasi ya makaburi ya kijiji. Ukuta wa Piero ulibaki ndani ya kikanisa kidogo cha makaburini. Watu wa nje wakaisahau, na jina la mchoraji likapotea, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walipoitambua kuwa ni kazi ya Piero. Mwaka 1911 freska ilibanduliwa kutoka ukutani ili ihifadhiwe vizuri zaidi. Miaka sita baadaye, Aprili 1917, tetemeko la ardhi likaitikisa Monterchi na kuua watu. Picha ikapona.

Wataalamu waliisahau, lakini wanawake wa bonde lile hawakuisahau hata siku moja. Kwao haikuwa kazi ya Renaissance. Ilikuwa Mama. Walikuja kumwomba wapate mimba, walikuja wakiwa na mimba wakamwomba wavuke salama, na waliovuka wakarudi kushukuru. Fikiria njia ile: mwanamke mwenye tumbo kubwa anapita katikati ya makaburi kwenda kuomba uzima.

Mwaka 1954 mjini Firenze kulikuwa na maonyesho makubwa ya mabingwa wa Renaissance ya mwanzo. Waandaaji wakaomba wakopeshwe picha ya Monterchi. Kijiji kikagoma. Wajawazito wangemkimbilia nani Mama akiwa safarini? Na likitokea baya, nani atalijibu? Wasomi walicheka, lakini picha haikwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihitaji ukarabati, ikahamishiwa ndani ya kijiji, kwenye jengo lililokuwa shule, na jengo hilo ndilo likawa makumbusho yake. Hapo ndipo ulipoanza mvutano mrefu. Wapo wanaosema mahali pake ni kule kwenye kikanisa cha makaburini, panaposaliwa. Wengine wanasema pale shuleni ni salama zaidi, kuna ulinzi na hewa inayodhibitiwa, na wageni wanafika kwa urahisi. Halmashauri, kanisa na serikali wote wamekuwa na la kusema.

Mimi nilikwenda kote kuwili. Picha ukiiona makumbusho unaiona vizuri, taa ziko sawa, hakuna anayekusukuma. Lakini ukisimama kule makaburini, mashamba mbele yako na majina ya marehemu nyuma yako, ndipo unaelewa kwa nini hacheki. Nashauri msichague. Anzeni na picha, kisha tembeeni mpaka kule ilikotoka.

Na ile huruma ya kutotoza wajawazito? Ni wosia wa wanawake wale. Jengo limekuwa makumbusho, tiketi zinauzwa, lakini mwenye tumbo bado anapita kama mgeni wa Mama.

Msiishie hapo

Kama mna siku mbili zaidi, mfuateni Piero kwenye miji miwili ya jirani.

Sansepolcro ni kama kilomita 17 hivi kutoka Monterchi. Jina la mji maana yake ni Kaburi Takatifu, na ndani ya makumbusho ya mji Piero amechora Ufufuo: Kristo anaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa kaburi, anakutazama usoni, na askari wanne wamelala fofofo chini yake. Miti ya kushoto imekauka, ya kulia imechipua. Inasemekana mmoja wa askari wale waliolala ni Piero mwenyewe.

Picha hii iliokoa mji. Mwaka 1944, jeshi la Uingereza lilikuwa linaipiga Sansepolcro kwa mizinga. Ofisa mmoja, Anthony Clarke, akakumbuka kwamba mwandishi Aldous Huxley aliwahi kuandika kuwa hapo kuna picha bora kuliko zote duniani. Akasimamisha mizinga. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, mji ukapona na picha ikapona. Leo kuna mtaa wenye jina lake. Na cha kushangaza, bwana huyo baada ya vita alihamia Afrika, akafungua duka la vitabu Cape Town mwaka 1956, na duka la Clarke's limeendelea kuwa na jina lake.

Mji wa pili ni Arezzo, mnakoshukia treni. Ndani ya kanisa la San Francesco, kuta za nyuma ya altare zimejaa habari ya Msalaba wa Kweli, kazi kubwa kuliko zote za Piero, ikiwa na Malkia wa Sheba akipiga magoti na Mfalme Sulemani akimpokea. Mkitoka, tembeeni Piazza Grande jioni. Kama mliitazama filamu ya La vita è bella ya mwaka 1997, mitaa hiyo mtaitambua, maana sehemu kubwa ya mapenzi yale yalipigwa picha hapo. Na wapenzi wa sinema nzito watafute Nostalghia ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1983, inayoanza na Mama wa Monterchi mwenyewe.

Njaa ikiuma, Monterchi wanasifika kwa polenta, na kila Septemba wanaifanyia sikukuu. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa. Ndiyo, ni ugali, bwana! Wao wanaumwagia mchuzi wa nyama juu. Mume wangu alimaliza sahani mbili akaniambia sasa ameanza kuwaelewa Waitaliano.

Mkitaka kwenda

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanahitaji viza ya Schengen, kwa hiyo anzeni mapema. Treni kutoka Firenze mpaka Arezzo ni kama saa moja hadi moja na nusu, na kutoka Roma ni kama saa mbili. Mabasi ya kwenda Monterchi ni machache, hasa siku za mapumziko. Ukiweza kukodi gari utajiokolea usumbufu, na barabara ni nzuri. Angalieni saa za makumbusho kabla ya kutoka hotelini, maana vijijini huko watu hufunga mchana wakale.

Kama una mimba, ongea na daktari wako kabla ya kukata tiketi. Mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji, na usione aibu kuomba kiti.

Na kama safari ya Italia bado iko mbali na mfuko, basi tafuteni picha yake, muiweke mbele yenu jioni moja, simu zikiwa zimezimwa. Kisha mmoja wenu aulize lile swali la mume wangu: mbona unaonekana una mawazo? Aliyeulizwa aseme kweli. Mkimaliza, andikeni kwenye karatasi jina la hospitali, namba ya dereva, na majina ya watu wawili wa kutoa damu, muibandike kwenye mlango wa friji.